Kadi ya Pasiwaya na Wajibu wa Wanakiswahili

Wataalamu wa Kiswahili wanapojadili teknolojia, aghalabu hujikita katika istilahi. Kazi hiyo ni adhimu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, istilahi pekee hazimfikishi mtumiaji mtandaoni.

Tuchukue mfano wa Modogashe, mji ulio kwenye barabara ya Isiolo kuelekea Wajir. Mwanafunzi wa huko akiweka Linux katika kompyuta kuukuu, huenda kila kitu kikafanya kazi isipokuwa kadi ya pasiwaya. Baadhi ya kadi za zamani zenye chipu za Broadcom huhitaji faili ambalo watayarishaji wa Debian hawana ruhusa ya kulisambaza. Sharti lipakuliwe kutoka intaneti. Hata toleo la 12, lililotoka mwaka 2023 likiwa na mafaili mengi ya aina hiyo katika diski yake rasmi, halikuondoa tatizo hili. Ni sawa na kumwambia mtu ateremke kisimani akachukue kamba ya kutekea maji. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB yaweza kumwokoa, lakini hiyo ni dawa ya dharura tu.

Kwa maoni yangu, mnunuzi achague chipu, si jina lililo kwenye kasha. Kadi ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N ni ushahidi tosha. Toleo lake la kwanza lilitumia chipu ya Atheros AR9271, ambayo kiendeshi chake kimo ndani ya Linux na ambayo programu yake ya ndani ilifanywa huria mwaka 2013. Toleo la pili lilikuja na chipu ya Realtek, ilhali jina lilibaki lilelile. Amri ya lsusb, au lspci kwa kadi za ndani, hufichua chipu iliyomo.

Maarifa haya yamesheheni katika Kiingereza. Kijana wa Modogashe, ambaye aghalabu lugha yake ya kwanza ni Kisomali, anastahili kuyapata katika lugha ya taifa aliyofundishwa shuleni. Kutafsiri menyu bila kuandika miongozo ni kujenga nyumba isiyo na mlango. Vyama vyetu viiandike miongozo hiyo kwa Kiswahili sanifu, tena viichapishe kwenye karatasi, kwani anayeihitaji zaidi ni yule ambaye bado hajaunganishwa.