Wongofu Usio na Gharama

Wako wasomi wenzetu wadaio kwamba oratorio ya Johann Adolf Hasse iitwayo La conversione di Sant'Agostino, iliyoimbwa Dresden siku ya Jumamosi Kuu mwaka 1750, imesema yote yapasayo kusemwa juu ya kuongoka kwa mtu. Nakataa. Muziki wake sina ugomvi nao. Ni mtamu kupita kiasi, na pengine utamu huo ndio uliotulevya.

Watazameni wahusika. Yumo Augustino, yumo Monika mama yake, yumo Navigio nduguye, yumo Alipio rafiki yake, yumo na mzee Simplisiano. Hayumo mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi, akamzalia Adeodato. Augustino mwenyewe hakumficha. Katika Maungamo asimulia jinsi mwanamke huyo alivyoondolewa ubavuni pake kwa kuwa alizuia ndoa iliyokusudiwa. Jinsi moyo wake ulivyotoka damu. Jinsi mwenzake alivyorudi Afrika na nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akimwacha mtoto nyuma. Jina lake hakulitaja. Basi kitabu kilimnyima jina, na oratorio ikamnyima hata mahali pa kusimama.

Nitajibiwa kuwa suria hawezi kuimba katika siku takatifu, mbele ya wakuu. Jibu hili halina miguu. Yapata nusu karne kabla ya hapo Antonio Caldara alikwisha kumwimbisha Maria Magdalena akivutwa huku na Pendo la Dunia, huku na Pendo la Mbinguni, wala kanisa halikuanguka.

Mimi sababu naiona kwingine. Maneno ya oratorio hii yalitungwa na Maria Antonia Walpurgis, mke wa mrithi wa Saksonia. Katika nyumba aliyoolewa, habari ya kubadili dini ilitaka ulimi wenye hadhari: mwaka 1697 Friedrich August I aliuacha Ulutheri akawa Mkatoliki, apate taji la Poland. Raia zake walibaki Walutheri. Mkewe naye vivyo hivyo. (Hasse pia alizaliwa Mlutheri, akaingia Ukatoliki huko Italia, nyoyo zao sizihukumu, hilo si kazi yangu.) Lakini penye wongofu uliolipwa kwa kiti cha enzi, ni nani angependa kusikia ukiimbwa wongofu uliolipiwa na mtu mwingine? Ilikuwa salama zaidi kuleta machozi ya mama, bustani ya Milan, na sauti kutoka juu.

Wenzangu husema kwamba machozi hayo ya Monika ndiyo roho ya kazi nzima. Sawa. Lakini ile ndoa iliyomfukuza mwanamke yule, aliyejitahidi kuliko wote kuitafuta alikuwa nani? Maungamo yamtaja waziwazi: ni Monika.