Mwacheni Hasheem wa watu!

Najua nimepotea, majaribio yalinibana halafu nikawa namalizia ripoti ya BTP. Leo wala sikupanga kuandika, ila nimekereka, na mimi nikikereka usingizi haupandi.

Chanzo ni jana jioni pale kimbwetani. Tulikuwa watu sita, wanne Simba, mimi na rumeti wangu Yanga, ubishi wa kila siku. Sisi tunawakumbusha Mei 2025 walivyoenda Berkane wakala mbili, wakarudi Zanzibar wakaambulia 1-1, kombe la Shirikisho likabaki Morocco. Wao wanatukumbusha 2023 tulivyofungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, tukaenda kwao tukashinda 1-0 na bado kombe likatupita kwa goli la ugenini. Raha tupu. Ubishi wa namna hiyo nauita chakula.

Sasa wakapita vijana watatu na mpira wa kikapu, wanaelekea uwanjani. Mmoja wetu akasema, "Hao nao wanajisumbua. Mchezo wenyewe ulishatuletea aibu, si mnamkumbuka Hasheem? Mtu anachaguliwa wa pili, Harden wa tatu, Curry wa saba! Memphis mpaka leo wanalia." Kicheko. Hata rumeti wangu alicheka, msaliti mkubwa.

Hebu tuelewane hapa.

Namba sibishani nazo. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies Juni 2009, nyuma ya Blake Griffin. Akapita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, ilipofika 2014 safari ya NBA ikawa imeisha. Wastani wake pointi 2.2 na mipira 2.7 ya kudaka chini ya ringi kwa mechi. Ni ndogo, nakubali. Lakini huyo ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na kabla ya hapo pale chuoni kwao Connecticut alichukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili, 2008 na 2009. Wewe unayecheka, darasani kwako umewahi kuwa bora wa nini? Samahani, hasira.

Kinachoniuma ni vipimo viwili. Taifa Stars ilicheza AFCON Nigeria mwaka 1980, ikakaa miaka 39 ndipo ikarudi, Misri 2019. Tulipofika huko tukafungwa mechi zote tatu. Senegal mbili bila, Kenya tatu mbili (Kenya, jamani!), Algeria tatu bila. Watu walisemaje? "Vijana wamepata uzoefu." Sawa, nami nilisema hivyohivyo. Samatta alipofunga goli lake la kwanza Uingereza akiwa na Aston Villa, Februari 2020, nchi nzima tukawa wakereketwa wa Villa. Msimu ukaisha, akaenda Uturuki, nani alimcheka? Hakuna, tulisema amefungua njia, na ni kweli amefungua. Kwa hiyo wa mpira wa miguu anafungua njia, wa kikapu analeta aibu. Huo ni ushabiki gani?

Halafu hesabu ndogo tu. Hasheem amezaliwa Dar 1987. Kikapu ameanza akiwa na miaka 15. Curry baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16, mtoto amekua ndani ya viwanja hivyo. Yaani mmoja ameanza kusoma chekechea, mwingine ameingia shule kidato cha pili, halafu tunashangaa mtihani wa mwisho wamepishana!

Hapa rumeti akanibana, na kiukweli alinibana vizuri. "Hakeem Olajuwon je? Naye kikapu kaanza na miaka kama hiyohiyo huko Lagos, na 1984 kachaguliwa wa kwanza, Jordan wa tatu. Mbona yeye kachukua ubingwa 1994 na 1995?"

Nilikaa kimya kidogo. Nikakumbuka kitu. Hakeem kabla ya kikapu alikuwa golikipa wa mpira wa miguu, na alicheza mpira wa mikono shuleni. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ile miguu yake iliyokuwa inawapoteza mabeki wa Marekani ilitoka kwenye soka. Kwa hiyo kikapu alikianza akiwa na miaka 15, ila michezo hakuianza hapo. Shule ilishampa mikono na miguu. Sisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani wakati Hasheem yuko shule, Wizara ya Elimu ilisimamisha UMISHUMTA na UMISSETA, mashindano yakarudishwa baadaye. Unasimamisha michezo shuleni halafu unamsubiri Olajuwon? Kwa mfuko upi?

Na msidhani nasema ya magazetini. Nimeyaona kwetu.

BTP nilifanyia nyumbani, shule moja ya sekondari huko milimani upande wa Kasulu, si mbali sana na Kabanga. Jina la shule nalihifadhi. Walimu wa pale ni watu poa, Jumatatu nzima ofisini ni Simba na Yanga, mpaka kengele inagongwa mtu bado anaeleza ile penalti haikuwa penalti. Lakini shule hiyo haikuwa na mpira hata mmoja wenye upepo. Vijana wanapiga chandimu kwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni. Ijumaa kipindi cha michezo ni kufagia, au hesabu za ziada. Na huu ndio mkoa wa Juma Kaseja! Huu ndio mkoa wa Mashujaa, waliokwenda Dar Desemba 2018 wakamtoa Simba kombe la FA kwa 3-2! Tunajisifia matunda na mti hatumwagilii.

Kulikuwa na binti kidato cha pili, mrefu kunizidi, nami si mfupi. Anacheza pete, anadaka mipira kama anachuma maembe. Siku moja nikaleta kwenye simu video ya mechi ya kikapu ya wanawake, nikawaonyesha baada ya kipindi cha Jiografia. Yule binti akaangalia mpaka mwisho, hakusema neno.

Nikapata wazo. Wengi hawajui, ringi ya mpira wa pete na ringi ya kikapu zote ziko mita 3.05 kutoka chini. Ni kwa sababu pete imetokana na kikapu. Na kikapu chenyewe alikibuni mwalimu, James Naismith, 1891 huko Springfield, Marekani, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wamechoka kufungiwa ndani kwa baridi. Alitundika vikapu vya matunda ukutani, basi. Ringi ya pete ina upana wa sentimita 38, ya kikapu 45, mpira wa kikapu una kama 24, kwa hiyo hata kwenye ringi ya pete unapita. Ina maana nguzo tunazo tayari! Kinachokosekana ni ubao nyuma, mpira mmoja, na sehemu ngumu ya kudundia. Udongo wa kichuguu ukishindiliwa vizuri unafaa, bibi zetu wameutumia sakafuni miaka yote.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akanisikiliza kwa heshima kabisa. Akasema, "Mwalimu, wewe umeletwa hapa kufundisha Jiografia. Wavulana wana mpira wa miguu, wasichana wana pete, imetosha. Hicho kikapu ni cha watoto wa mjini."

Unajua nilifanya nini? Nikasema asante mkuu, nikatoka. Wiki iliyofuata msimamizi wa chuo alikuwa anakuja kunikagua, sikutaka kugombana na mtu mwenye maneno ya kumwambia. Kwa hiyo ninapowapigia kelele hapa, na mimi nimo. Niliuza ringi kwa maksi.

Ndiyo maana jana kicheko kilinichoma. Mnamcheka Hasheem kwa alichokosa akiwa na miaka 22, wakati sisi sita pale kimbwetani wanne tunasomea ualimu, na hakuna aliyewahi kuuliza shule aliyopelekwa ina mpira au haina. Tungeulizwa sisi tungejificha.

Siku ya mwisho yule binti alinisindikiza mpaka getini na wenzake. Akauliza, "Mwalimu, huko chuoni wasichana nao wanacheza ule mchezo?" Nikasema wanacheza. Akauliza, "Warefu tu?" Nikasema hata wafupi. Akacheka.

Bumu limeisha, msiniombe hata vocha. Nimempigia kaka yangu pale Kasulu mjini amuulize fundi wa kuchomelea ringi mbili za sentimita 45 ni shilingi ngapi. Hajajibu bado. Ngoja niwahi foleni ya maji, hosteli yetu leo yametoka.