MTU ANAFICHA KIKOHOZI KWA SABABU GANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Wakubwa hupenda kutuambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Neno hilo ni la kweli, wala silipingi. Nauliza jambo moja tu: je, wao wamewahi kuuliza mtu anaficha kwa sababu gani?

Kifua kikuu huenda kwa hewa. Mtu akikohoa katika chumba kisicho na dirisha, wenzake huvuta vijidudu. Wengi hawaugui, kwa maana askari wa mwili huvifunga vijidudu hivyo. Lakini virusi vya Ukimwi huwaua askari hao, na adui aliyefungwa hutoka. Ndiyo sababu kifua kikuu huwaua wenye virusi kuliko maradhi mengine yote. Mwenye moja hana budi kupimwa la pili.

Dawa zipo, na hospitali za Serikali huzitoa bure. Za kifua kikuu humezwa miezi 6. Za virusi humezwa siku zote, na mtu hufanya kazi yake kama kawaida.

Sasa tazameni hesabu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamwekea mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Dawa miezi 6, mshahara majuma mawili! Na asiyetimiza miezi 2 kazini hana hata hizo. Nani atasema, "Nakohoa," na watoto wanangoja unga?

Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu walitiwa jela kwa kuacha dawa. Jela, mahali watu walipobanana, ndipo kikohozi kinapopata shamba! Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa kuwafunga hivyo ni kinyume cha Katiba.

Tena sheria ya mwaka 2006 yakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu tu ana virusi. Tuishike hiyo mkononi.

Basi Chama chetu kidai: mshahara kwa mgonjwa mpaka daktari aseme arudi; ruhusa ya kwenda kuchukua dawa bila kukatwa; na madirisha yanayofunguka katika karakana na vyumba vya kulala.

Nasi wenyewe, mwenzetu akikohoa majuma mawili, tusimcheke wala tusimkimbie. Tumpeleke hospitali.

Wakubwa wakitaka tusifiche maradhi, kwanza waondoe hofu ya kufukuzwa. Hofu hiyo hawakuileta vijidudu. Wameileta watu, na watu waweza kuiondoa.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya Kazi wa Reli