Mabosi wa Turkana, turuhusuni kaptura kazini

Digrii ya chuo sikumaliza, lakini digrii za Lodwar nazijua vizuri. Mchana ni 35 hivi, na kuna siku zinapita hapo. Sasa niambie wewe unayefanya kazi kwenye ofisi ya mabati Lodwar, Kalokol au Kakuma: nani alikushauri uvae longi nzito, soksi, na juu yake ukajinyonga na tai?

Hakuna. Ulikuta watu wamevaa hivyo, nawe ukavaa.

Nenda Ferguson's Gulf, pale Kalokol, asubuhi mashua zikirudi. Anayevua samaki amevaa kaptura. Anayekuja na daftari kuhesabu samaki amevaa longi, ila ameikunja hadi magotini isilowe. Bana, hiyo si kaptura? Ni kaptura iliyokosa fundi tu.

Najua utakachosema: kaptura ni ya watoto. Tuliivaa shule ya msingi, tukaivua siku tuliyoingia sekondari, na tangu hapo goti likawa siri ya nchi. Wazee wetu wana sababu nzito zaidi. Enzi za mkoloni, askari wa KAR walivishwa kaptura. Kule Robben Island, wafungwa Waafrika walipewa kaptura ilhali Wahindi na Machotara walipewa suruali ndefu, na Mandela aliilalamikia dharau hiyo, ya mtu mzima kuvishwa kama mvulana. Kwa hivyo mzee akikunja uso akiona goti lako, usimcheke.

Lakini tazama kitu kimoja. Mkoloni huyohuyo alivaa kaptura ya kaki, soksi hadi chini ya goti, akahukumu kesi na kukusanya kodi. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani abadilishe. Dharau haikuwa kwenye kitambaa. Ilikuwa kwa yule anayeamua nani avae nini. Mandela alilazimishwa. Mimi na wewe tunaomba kuchagua.

Na hapa Turkana mfano tunao. Mzee amejifunga shuka, miguu iko wazi, amekalia ekicholong chake chini ya mti. Anaamua kesi ya mifugo, na akisema neno, watu wazima wananyamaza. Kuna aliyewahi kumuuliza suruali iko wapi?

Nairobi nao wana mambo yao. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku hata Kaunda suti bungeni. Mwanamume aje na koti, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Sawa, Nairobi kuna baridi ya Julai. Sheria ya mtu wa baridi ikiletwa Lodwar bila kubadilishwa, inageuka adhabu.

Wenzetu walishaamka. Bermuda, kaptura ya kupigwa pasi, soksi ndefu, koti na tai ni vazi la ofisini, mpaka kaptura yenyewe ikapewa jina la kisiwa. Japani, tangu 2005 serikali huwahimiza watu waache koti na tai majira ya joto ili viyoyozi visifanye kazi kupita kiasi. Ufaransa, Juni 2017, madereva wa basi wa Nantes walikatazwa kaptura wakati wa joto kali, wakaja kazini na sketi. Msitufikishe huko, jameni. Ingawa upepo wa ziwa hautuogopeshi.

Utani kando, kuna kijana anayeumia hapa. Anaitwa kwenye usaili wa kazi yake ya kwanza. Anaazima longi na koti, anapanda boda kwenye vumbi, anafika shati limeshikana na mgongo. Jasho linamtiririka akijibu swali la kwanza, na jopo linadhani anadanganya. Huku nje, mgeni wa shirika anapita getini na kaptura yenye mifuko minane na mlinzi anampigia saluti. Goti ni goti. Kama la mgeni halivunji heshima ya ofisi, langu linaivunja vipi?

Sasa masharti, maana sitetei fujo. Kaptura ifike gotini, ipigwe pasi, iwe na mshipi, shati lichomekwe, viatu viwe safi. Ya mpira ibaki uwanjani. Iliyoraruka ibaki nyumbani. Miguu ikiwa imepauka, paka Arimis, usitutie aibu siku ya kwanza. Mahakamani, matangani na kwa fundi wa kuchomelea vyuma, vaa longi. Na dada zetu wakitaka kaptura hiyohiyo, nao waruhusiwe kwa masharti hayohayo.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunawajua wenye suti kali ambao faili yako imelala mezani kwao tangu mwaka jana. Mpime mtu kwa hiyo faili.

Bosi, kama unasoma haya huku feni ikikupulizia wewe peke yako, hatuombi makubwa. Jaribu Ijumaa tu, mwezi mmoja. Kazi ikilala, turudishe kwenye longi. Ikienda, tuongezee Jumatatu.