Gofu ya ridhaa: kushambulia bendera ao kucheza kwa tahadhari?

Tarehe 21 Januari 2024, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, Nick Dunlap, mwenye miaka 20, alishinda shindano la American Express huko La Quinta, California, mbele ya wachezaji wanaoishi kwa mchezo huo. Tangu Phil Mickelson mwaka wa 1991, hakuna mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kwa kulipwa, aliyekuwa ameshinda shindano la mfululizo wa PGA wa Marekani. Dunlap hakupata hata dola moja. Zawadi ya mshindi, zaidi ya dola milioni 1.5, ilikwenda kwa aliyemfuata, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini.

Ushindi huo ulirudisha swali la zamani kati ya wachezaji wa ridhaa: katika shindano, ni vema kushambulia ao kujilinda? Jumamosi, Dunlap alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 60 tu. Kesho yake alianza akiwa mbele kwa mapigo matatu, lakini kwenye shimo la 7 mpira wake uliingia majini, na uongozi wake ukayeyuka. Baadaye ilikuwa zamu ya Sam Burns, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa akigombea naye ushindi: kwenye shimo la 17 mpira wake nao ukazama. Dunlap alimaliza kazi kwa kuingiza mpira wa mwisho kutoka karibu mita mbili. Siku moja, watu wawili, na maji yaleyale yanayoadhibu bila kuuliza nani analipwa na nani halipwi.

Aina mbili za shindano, fikra mbili

Wengi huzungumza juu ya jambo hili kama ni tabia ya mtu: huyu ni jasiri, yule ni mwoga. Lakini jibu linaanzia kwenye kanuni za shindano lenyewe.

Kuna mashindano ambamo mapigo yote yanahesabiwa mpaka mwisho. Hapo kosa moja kubwa linaweza kuharibu kazi ya siku nne. Mfaransa Jean van de Velde, ingawa yeye alikuwa mchezaji wa kulipwa, alibaki mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka wa 1999 huko Carnoustie, Scotland, alifika shimo la mwisho akiwa mbele kwa mapigo matatu. Mapigo sita yangetosha kumpa kombe la British Open. Alichukua fimbo kubwa, akapiga nje ya njia, kisha akaangukia majini, akamaliza kwa saba. Katika mashimo ya ziada kombe likamwendea Paul Lawrie.

Kuna pia mashindano ya mtu kwa mtu, ambamo kila shimo ni vita yake. Hapo saba, nane ao kumi ni sawa: umepoteza shimo moja, basi. Shimo linalofuata mnaanza upya. Kwa hiyo hatari ambayo ni wazimu katika shindano la kwanza inaweza kuwa na maana katika la pili.

Ugumu wa ubingwa wa ridhaa wa Marekani, ule Dunlap aliochukua Agosti 2023 huko Cherry Hills, Colorado, ni kwamba unadai fikra zote mbili katika juma moja. Wachezaji 312 wanacheza kwanza mashimo 36 ya kuhesabu mapigo, na 64 tu ndio wanaobaki. Kisha mchezo unageuka kuwa wa mtu kwa mtu hadi fainali. Anayeshambulia kila bendera siku ya kwanza anaweza kurudi nyumbani mapema. Na anayejilinda daima anaweza kupita, kisha akatolewa na mpinzani asiyeogopa.

Mfano wa Tiger Woods

Mwaka wa 1994, katika fainali ya ubingwa huo kwenye uwanja wa Sawgrass, Florida, Tiger Woods, wakati huo akiwa na miaka 18, alikuwa nyuma kwa mashimo sita mbele ya Trip Kuehne. Mtu aliye nyuma namna hiyo hana faida ya kungoja: tahadhari ingempeleka polepole kwenye kushindwa. Alishambulia, akasawazisha.

Wakafika shimo la 17, ambalo grini yake, yaani sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, imezungukwa na maji. Bendera ilikuwa upande wa kuume, karibu na ukingo. Woods alipiga kuielekea. Mpira ulisimama hatua chache tu kutoka majini, akauingiza kwa pigo moja, kisha akachukua ubingwa.

Picha hiyo imewafundisha vijana wengi somo ambalo si kamili. Wakati huo wawili hao walikuwa sawa. Kama mpira ungesogea kidogo zaidi, Woods angekuwa karibu hakika nyuma kwa shimo moja, limebaki moja tu. Matokeo mazuri hayaonyeshi kwamba uamuzi ulikuwa mzuri. Kushambulia akiwa nyuma kwa mashimo sita kulikuwa hesabu. Kushambulia wakiwa sawa kulikuwa kamari iliyolipa.

Hesabu inasema nini

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichunguza mapigo mengi ya wachezaji wa PGA, na mwaka wa 2014 akatoa kitabu juu ya matokeo yake. Takwimu zinaonyesha kwamba hata wachezaji hao bora duniani, wakiwa mita mbili na nusu kutoka shimo, wanaingiza mpira karibu mara moja kwa mbili tu. Basi mchezaji wa ridhaa anayelenga bendera iliyo kando ya maji anajiweka hatarini kwa ajili ya faida ndogo: hata akifaulu, pengine hataingiza.

Lakini kazi hiyohiyo inawakosoa pia wanaojiita waangalifu. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida inatokana na mapigo marefu. Anayechukua fimbo ndogo kila mara kwa kuogopa anabaki mbali na shimo, na umbali huo nao una bei. Mwenda pole hajikwai, lakini katika gofu anaweza kufika amechelewa.

Ndiyo maana walimu wengi wa mchezo huu wanatenganisha mambo mawili: mahali pa kulenga na namna ya kupiga. Lengo liwe la tahadhari, kwa mfano katikati ya grini. Pigo liwe la moyo wote. Kinachoharibu zaidi ni kinyume chake, yaani kulenga hatari kisha kupiga kwa mashaka.

Hali ya matokeo inaongeza uzito wake. Mwaka wa 2019 huko Augusta, katika shindano la wanawake wa ridhaa, Jennifer Kupcho alikuwa nyuma ya Maria Fassi kwa mapigo mawili. Kwenye shimo la 13 alipiga moja kwa moja juu ya kijito mpaka karibu na bendera, akasawazisha, kisha akashinda. Mwaka wa 2023, Rose Zhang alianza siku ya mwisho akiwa mbele sana. Alicheza vibaya, mapigo 76, lakini akiba ya siku mbili za kwanza ilimbeba mpaka mashimo ya ziada, na hapo akamshinda Jenny Bae.

Kwa wale wanaocheza kwenye viwanja vya Lubumbashi na Kinshasa, somo linabaki lilelile. Kabla ya pigo, mchezaji ajiulize mambo matatu: ni mapigo ao ni mashimo yanayohesabiwa, yuko mbele ao nyuma, na mipira yake kumi ya mwisho na fimbo ile ilianguka wapi. Ujasiri usiojibu maswali hayo unamfaidia mpinzani tu.