Mionzi ya angani na urani ya Namtumbo

Kuna hii ishu ya mionzi ya angani ambayo washikaji wengi hapa Mwananyamala wanaona ni mambo ya Wamarekani na hela zao. Mimi naona inatuhusu sana tu.

Huku chini tunakingwa na hewa pamoja na usumaku wa dunia. Mwanaanga akitoka nje ya hapo anapigwa na chembe kutoka kwenye jua na nyota zilizolipuka. Nyingi ni protoni, ila chache ni viini vizito, hata vya chuma, na hivyo ndiyo noma. Kiini kizito kikipenya kwenye seli kinaweza kukata nyuzi zote mbili za DNA kwa mpigo. Ukikatika uzi mmoja seli inauziba vizuri, maana uzi wa pili upo wa kuigizia. Ikikatika yote miwili, seli inaunga kwa kubahatisha. Ikifa, afadhali. Ikibaki hai na makosa yake, kansa inaweza kuanzia hapo, miaka mingi baadaye.

NASA wameweka kikomo cha milisiviti 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga. Mwaka 2022, kwenye safari ya Artemis I kuzunguka mwezi, walipakia kwanza midoli miwili yenye vipimo vya mionzi, Helga na Zohar. Zohar alivishwa kizibao cha kinga, Helga hakuvaa kitu. Yaani mdoli kwanza, binadamu baadaye.

Tushuke Bongo. Julai 2025 Rais Samia alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani wa mradi wa Mkuju, Namtumbo, eneo lililomegwa kutoka Selous mwaka 2012. Urani ukiishika mkononi haina makeke, chembe zake za alfa hazivuki ngozi. Soo ni vumbi, na gesi ya radoni. Ukivuta, masalia yake yananasa kwenye mapafu na kurusha alfa humohumo. Na alfa ni nini? Kiini cha heli, kinachokata DNA kwa staili ileile ya kule juu! Wachimbaji wa urani wa Ulaya na Marekani karne iliyopita walikufa kwa kansa ya mapafu kwa wingi. Mgodi wa wazi una nafuu, upepo unafagia gesi, hilo nakubali.

Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka. Raia wa kawaida 1. Sheria ya Nguvu za Atomiki tunayo tangu 2003, TAEC wapo Arusha. Sina ugomvi na karatasi. Ishu ni kibarua wa miezi mitatu, akitoka anaingia mwingine. Kansa ikija baada ya miaka 15 au 20, atadai fidia kwa ushahidi gani kama hana nakala ya vipimo vyake? Mwanaanga wa Marekani ana sheria ya 2017 inayoruhusu NASA kumfuatilia afya hata akishastaafu.

Wadau wa Songea na Namtumbo, kuna kibarua yeyote aliyewahi kupewa kipimo cha kuvaa kifuani, na akasomewa majibu yake? Tupeni data.