Mchuma Chai Anaporudi Nyaramba

Methali "Baada ya dhiki faraja" hutumiwa mno kuwaliwaza watu waliopoteza kazi. Aghalabu anayeitumia hana nia mbaya. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi hiyo "baada" ina urefu gani, wala haimtaji atakayeileta faraja. Mambo hayo mawili ndiyo yenye uzito kwa mtu anayeteremka garini Nyaramba, kaunti ya Nyamira, akiwa na godoro, sufuria na barua ya kuachishwa kazi katika shamba kubwa la chai huko Kericho.

Kwa vizazi kadhaa, mashamba ya Kericho yamekuwa tegemeo la Abagusii wengi ambao vishamba vyao vya urithi vimegawanywa hata vikawa vidogo mno. Kisha zikaja mashine za kuchuma majani. Oktoba 2010 wafanyakazi waligoma kwa sababu yazo. Mei 2023 baadhi ya mashine hizo ziliteketezwa Kericho. Mashine hazikuondoka. Na kwa kuwa nyumba ya kambini hufungamana na kazi, anayeachishwa hupoteza vyote viwili kwa mpigo.

Je, mtu huyu anarudi mikono mitupu? La hasha. Mikono hiyo inajua kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuumiza mchai. Anajua msimu wa kupogoa na kimo kinachofaa. Akiwa aliwahi kufanya kazi katika kitalu, anajua kukata kipandikizi chenye jani moja, kukitia katika mfuko wa plastiki wenye udongo na kukitunza kivulini hadi kiote mizizi. Huko Kericho ujuzi huo ulikuwa wa kampuni. Yeye alilipwa kwa kilo. Nyumbani, miongoni mwa wakulima wadogo ambao bado huchuma kwa mkono, ujuzi huo ni wake, na anaweza kuuza miche au kazi ya kupogoa kwa bei anayoipanga mwenyewe. Hapo ndipo penye ukuaji wa kweli.

Kuna amali nyingine ambayo wapenzi wa Kiswahili hawana udhuru wa kutoiona. Kambini, Mgusii aliishi ukuta kwa ukuta na Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hakukisomea, wala hana cheti chake. (Huenda hata angetahiniwa ngeli akaanguka.) Lakini dereva wa lori anapofika kutafuta ndizi za kupeleka Nairobi, anayeweza kupatana naye bei, kumtania na kumtuliza barabara inapoharibika kwa mvua ni mtu kama huyu. Idara za Kiswahili huwahesabu walimu, wahariri na watangazaji zinapoorodhesha ajira za lugha hii. Dalali wa ndizi hahesabiwi.

Wasomi hupenda mfano mtukufu zaidi, nao upo. Abdilatif Abdalla alikuwa mtumishi katika idara ya fedha ya manispaa ya Mombasa alipoandika "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968. Alifungwa 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na baadaye alifanya kazi Dar es Salaam, BBC London na Chuo Kikuu cha Leipzig. Ni kweli kwamba kazi ya hesabu ilipotea na nyingine kubwa zaidi ikazaliwa. Lakini kusema kwamba gereza lilimfaidi ni kulipa gereza sifa isiyolistahili. Alikwisha kuwa mshairi kabla ya kufungwa. Vivyo hivyo, mashine haikumfundisha mchuma chai kupogoa.

Tofauti kati ya anayekua baada ya kufutwa kazi na anayezama huwa muda na chakula, wala si moyo peke yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Aliyetumika miaka 20 anapata malipo ya siku 300, yaani takriban miezi kumi. Mche wa chai hukaa kitaluni miezi kadhaa, na mchai uliopandwa shambani huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuvunwa ipasavyo. Kibarua wa msimu, ambaye mikataba yake hukatika kila mara, huondoka na kidogo zaidi. Hiyo ndiyo "baada" ambayo methali haikuipima, na wanaopaswa kujadiliana juu ya urefu wake ni kampuni, chama cha wafanyakazi na serikali ya kaunti, kabla ya mashine nyingine kuingia shambani.